Vihami vya Bure, Kuta za Maji

Februari 2025 jirani yangu aliniita nikamsaidie kusogeza kabati. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Kampala, aliyefika hapa Leicester mwaka 1972 pamoja na maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa baba yake, hakina pambo, na kwangu mimi niliyetoka Tanga kukisikia kikivuka ukuta wa uani ni faraja ya kila siku. Tangu Desemba alikuwa akisikia harufu chumbani mwake. Alifua mapazia, akaosha zulia, akafungua madirisha katika baridi ile, harufu haikuondoka.

Tulilivuta kabati kwa pamoja. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na ulipofifia weusi ilianza rangi ya kijani. Harufu ilikuwa ile ya gunia la mahindi lililolowa likasahauliwa ghalani. Nilibonyeza lipu kwa kidole, kikazama. Chini kabisa, kati ya kabati na ukuta, palikuwa na sanduku la bati la picha alizokuja nazo kutoka Kampala. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, na zile picha zimegandamana kama kurasa za msahafu ulionyeshewa mvua.

“Mwanangu,” alisema, “hawa si walisema ni bure?”

“Walisema hivyo, Mama.”

Hao aliowataja walibisha hodi mlangoni kwake vuli ya 2023. Walikuwa vijana wawili wenye adabu, na walimweleza kwamba kuna mpango wa serikali, kwamba nyumba yake ni ya mwisho katika safu na ubavu wake mzima unapigwa na upepo, kwamba kwa pensheni anayoipata anastahili kuvishiwa ukuta bila kulipa hata peni. Yote hayo yalikuwa kweli. Wiki chache baadaye jukwaa la mafundi lilisimamishwa, mbao za povu zikagandishwa juu ya matofali, zikapakwa lipu nyembamba ya rangi ya maziwa, na siku ya nne jukwaa likashushwa. Mtu mmoja alipiga picha kwa simu, akampa kibao cha kioo atie sahihi kwa kidole. Majira ya baridi ya kwanza nyumba ilikuwa na joto kweli. Ya pili ndiyo haya.

Nilitoka nje kuutazama ukuta. Sikuwa fundi na sikuhitaji kuwa fundi. Juu, chini ya upenu, povu lilikomea pungufu, na kati yake na paa palikuwa na mwanya wa kuingiza vidole vinne. Vizingiti vya madirisha, ambavyo zamani vilitokeza nje ili maji ya mvua yadondokee mbali na ukuta, sasa vilikuwa vimemezwa na unene mpya, maji yanateremka moja kwa moja nyuma ya lipu. Bomba la maji ya paa hawakulihamisha, walilizunguka tu wakaacha mfereji wa matofali matupu kutoka juu hadi chini. Na kile kitundu cha hewa cha bafuni, cha ukubwa wa kiganja, kilikuwa kimezibwa. Ukuta ulikuwa unanyweshwa maji kwa nje na kunyimwa pumzi kwa ndani.

Kwa miezi kadhaa nilidhani jirani yangu amekutana na mafundi wabovu, kama inavyotokea popote duniani. Kisha Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilitoa ripoti juu ya mipango miwili, ECO4 na ule unaoitwa Great British Insulation Scheme, ambayo kwa pamoja ilikuwa imevisha maelfu ya nyumba za namna hii. Ripoti ilikadiria kwamba katika nyumba zilizowekewa vihami vya nje ya ukuta, asilimia 98 zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Hizo ni kati ya nyumba 22,000 na 23,000. Kwa vihami vya ndani ya ukuta ni asilimia 29, yaani kati ya nyumba 9,000 na 13,000. Asilimia 6 ya zile za nje zilikuwa na hatari ya papo hapo kwa afya au usalama wa wakaazi.

Asilimia 98 inataka kutafakariwa polepole. Mafundi wabovu hawawezi kufika asilimia 98. Hata ungewaokota watu barabarani ukawapa mwiko na ndoo, katika nyumba mia zaidi ya mbili zingetoka salama kwa bahati tu. Kiwango hicho kinatuambia kwamba kulikuwa na mfumo mzima ambao kazi nzuri haikuwa na thamani ndani yake, na makala haya yanautafuta mfumo huo ulivyojengeka, kwa sababu haukuwapo tangu mwanzo.

Nchi hii iliwahi kuifanya kazi hii vizuri kiasi. Tangu mwaka 1978 kulikuwa na ruzuku ya serikali ya namna moja au nyingine ya kuwasaidia watu kutandika vihami darini. Kuanzia mwaka 2000 England ilikuwa na Warm Front, iliyolipiwa na kodi, iliyopeleka maboila na vihami kwa zaidi ya kaya milioni 2 za kipato cha chini. Sambamba nayo makampuni ya umeme na gesi yaliwekewa wajibu wa kisheria wa kupunguza hewa ukaa majumbani mwa wateja. Mwaka 2012 peke yake, chini ya mipango ya aina hiyo, maboresho milioni 2.3 yalifanywa katika nyumba za Uingereza: dari zikitandikwa, na kuta za tabaka mbili zikijazwa pamba ya madini katika mwanya wake wa katikati. Ilikuwa kazi nyepesi na ya kujirudia, fundi mmoja akimfunza mwingine, gari likihama kutoka mtaa huu kwenda ule. Hata hivyo dosari zilikuwapo. Katika mtaa wa Fishwick mjini Preston zaidi ya nyumba 300 zilivishwa vihami vya nje katika miaka hiyo, na unyevu uliofuata uliwatesa wakaazi kwa muongo mzima. Fishwick ilikuwa onyo. Mwenye macho angeliona.

Mwaka 2013 yote yalisimama kwa pamoja. Warm Front ilifungwa bila mrithi wa aina yake, na kwa mara ya kwanza tangu 1978 England ikabaki bila mpango wa kitaifa unaolipiwa na kodi wa kuzitia joto nyumba za maskini. Wajibu wa zamani wa makampuni ulibadilishwa na mpya, ECO, ambao baadaye ulizaa ECO4. Na Januari mwaka huo ukazinduliwa Green Deal, uliotegemewa kuwa nguzo ya kila kitu: mwenye nyumba angekopeshwa gharama yote, akalipa taratibu kupitia bili yake ya umeme. Riba ilikuwa karibu asilimia 7, juu ya ile ambayo wengi wangeipata benki. Watu walipiga hesabu na kukataa. Mpaka serikali inakata fedha zake Julai 2015, ni nyumba kama 14,000 tu zilizokuwa zimechukua mkopo huo, na wakaguzi walikadiria kwamba mpango uliwagharimu walipa kodi pauni milioni 240. Wakati huohuo, Desemba 2013, serikali ya David Cameron ilikuwa imepunguza wajibu wa makampuni ili kushusha bili kwa wastani wa pauni 50 kwa mwaka.

Matokeo ya kusimama kwa mipango ya zamani yalionekana mara moja. Ndani ya mwaka 2013 utandikaji wa dari ulianguka kwa asilimia 92, na ujazaji wa kuta kwa asilimia 74. Kufikia mwaka 2022 maboresho yote yaliyofanywa chini ya mipango ya serikali hayakufika 200,000.

Tarakimu hizi zimeandikwa mara nyingi, na wanaoziandika huhesabu hewa ukaa na pauni. Mimi naona hasara kubwa ni ya watu. Fundi aliyekuwa anajaza kuta tano kwa wiki hakungoja serikali ipate mawazo mapya. Alikwenda kuweka madirisha, akaendesha lori, akarudi Poland. Kampuni iliyokuwa imenunua mashine za kupulizia pamba iliziuza. Ujuzi wa mikono haukai kwenye faili la wizara. Unakaa kwa mtu, na mtu akiondoka ameondoka nao. Serikali ilipotaka tena nyumba zivishwe, iliwakuta watu wapya, wenye haraka, wasiowahi kuona kazi yao ikipita majira ya baridi mawili.

Na kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Dari nyepesi na kuta zenye mwanya zilikuwa zimepungua, zikabaki nyumba ngumu, zile za kabla ya vita ya kwanza ya dunia, zenye kuta nzito za matofali zisizo na mwanya wowote. Uingereza ina nyumba za namna hiyo kwa mamilioni. Yangu ni mojawapo, ya jirani yangu vilevile.

Msomaji wa Unguja anaujua ukuta huu vizuri kuliko anavyofikiri. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wake ni mnene, unafyonza unyevu mvua ikinyesha na kuutoa jua likiwaka, na chokaa ndiyo inayouruhusu kuhema. Wazee waliipaka chokaa upya kila baada ya misimu kadhaa. Ilipoingia saruji, watu wengi waliona wamepata dawa: lipu ngumu, laini, haihitaji kupakwa tena. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wamekuwa wakilia nayo kwa miaka mingi, maana saruji inaufunga ukuta, unyevu unakwama ndani, mawe yanaoza na boriti zinakatika. Kwa macho ya mpita njia nyumba imetengenezwa. Kumbe inakufa.

Tofali la Leicester la mwaka 1903 lililofungwa kwa chokaa lina tabia hiyohiyo, ila katika nchi ya baridi mambo yanazidi. Hewa ya ndani inabeba mvuke wa chungu, wa bafu na wa pumzi za watu, na inapogusa pahali baridi mvuke unageuka maji. Koti la nje likivishwa sawasawa, ukuta wote unapata joto na mvuke hauna pa kugandia. Hilo ni jambo jema, na nyumba zilizofanywa hivyo zipo. Lakini koti hilo halitaki mwanya. Ukiacha vidole vinne chini ya upenu, ukiacha mfereji nyuma ya bomba, umeumba pahali pamoja baridi katika nyumba yenye joto, na unyevu wote wa nyumba utakwenda kukutana hapo. Ukiingiza na mvua nyuma ya povu, haina njia ya kutoka. Ndiyo maana fundi wa kazi hii lazima aanze kwa kuuliza nyumba inapumuaje, kabla ya kuuliza ina mita ngapi za mraba.

Kuvu hii si jambo la urembo. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba mtoto wa miaka miwili mjini Rochdale alikufa kutokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Nyumba ile haikuwa ya mpango wa vihami. Naitaja kwa sababu baadhi ya watu wa ofisini bado wanauita unyevu kero.

Kabla ya koti la jirani yangu kulikuwa na vocha yangu mimi. Tarehe 8 Julai 2020, katikati ya janga la korona, Rishi Sunak, wakati huo waziri wa fedha, alitangaza Green Homes Grant: pauni bilioni 2, ambazo bilioni 1.5 zilikuwa vocha za wenye nyumba. Serikali ingelipa theluthi mbili ya gharama hadi pauni 5,000, na kwa wenye kipato cha chini gharama yote hadi pauni 10,000. Nyumba 600,000 zingefikiwa. Maafisa walipewa wiki 12 kuubuni mpango na kuufungua. Mradi wa kuvisha nyumba 600,000, ukabuniwa kwa muda ambao fundi makini anautumia kuziba na kupaka upya nyumba moja ya ghorofa mbili.

Niliomba mwezi Oktoba. Sharti lilikuwa fundi awe na usajili wa TrustMark pamoja na cheti cha kazi husika, jambo la haki kabisa baada ya Fishwick. Nilipiga simu kwa wakandarasi kumi na mmoja. Wengi hawakuwa na usajili, na kuupata kulichukua miezi na fedha ambazo mwenye magari mawili hakuwa tayari kuzitoa kwa mpango uliotangazwa kuisha Machi. Mmoja tu alikuja kupima, mtu wa makamo, akagusa matofali kwa kiganja kama daktari anavyomgusa mgonjwa, akaniuliza maji ya mvua yanapita wapi. Nilimwamini hapohapo. Nikatuma makadirio yake. Nikaombwa uthibitisho kwamba nyumba ni yangu. Nikatuma. Nikaombwa tena. Nikatuma. Vocha ilifika Februari, ikiwa na uhai wa miezi mitatu.

Nilipompigia yule mkandarasi alinyamaza kidogo, kisha akaniomba radhi. Alikuwa amemaliza nyumba tatu za wateja wa vocha tangu Desemba, hajalipwa hata moja. Vifaa alikuwa amevinunua kwa mkopo. Vijana wake wawili alikuwa amewaachisha kazi wiki ile. “Siwezi kuanza ya nne,” alisema. Tarehe 27 Machi 2021 serikali ikatangaza, katika taarifa iliyotolewa Jumamosi, kwamba mpango utafungwa kwa waombaji wapya siku nne baadaye. Ulikuwa na umri wa miezi sita.

Wakaguzi walipomaliza hesabu Septemba mwaka huo, walikadiria kwamba nyumba 47,500 zingeboreshwa kati ya zile 600,000. Zaidi ya nusu ya maombi ya vocha yalikataliwa au yaliondolewa. Kati ya pauni milioni 314 zilizotarajiwa kutumika, milioni 50.5 zilikwenda kwenye uendeshaji, ikiwa ni zaidi ya pauni 1,000 kwa kila nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Mwaka mmoja baada ya hapo Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, na bili ya kawaida ya kaya, ambayo ilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka, ilibidi izuiwe na serikali isivuke 2,500. Fedha zilizookolewa kwa kuufunga mpango zilirudi kutumika mara nyingi zaidi kuwalipia watu gesi ambayo joto lake lilipenya kwenye kuta zilezile.

Hapa nataka kusimama, maana kuanguka huku kwa mara mbili kuna sura mbili zinazopingana, na watunga sera wamejifunza nusu tu ya kila moja. Katika mpango wa vocha mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mteja. Alichagua fundi, alilinganisha bei, alisimama uani kutazama. Ndiyo maana malalamiko mengi ya mpango ule yalihusu karatasi na malipo. Uliwaua mafundi waaminifu kwa kuwacheleweshea fedha, kisha ukafungwa kwa jina la uzembe wa wizara. Watu wa serikali wakatoka hapo wamejifunza kwamba ni heri kazi hii iachiwe makampuni ya nishati.

Katika ECO mwenye nyumba si mteja wa mtu yeyote, na huu ndio moyo wa jambo. Kampuni ya umeme ina wajibu wa kutimiza, unaopimwa kwa akiba inayokadiriwa kwenye bili. Haina haja na ukuta wa mama wa Leicester. Ina haja na alama za akiba. Inazinunua kwa mkandarasi au dalali, naye anazipata kwa kujaza fomu inayoonyesha nyumba ilikuwaje kabla na imekuwaje baada. Akiba ni ya makadirio, haitokani na mita. Mkandarasi mkuu anampa kazi mkandarasi mdogo, mdogo anampa kibarua, na kila ngazi inamega kipande chake, hata yule anayepanda jukwaani analipwa kwa haraka yake. Gharama inarudi kwa sisi sote kupitia tozo katika bili, maskini na tajiri kwa kiwango kinachokaribiana. Katika mnyororo mzima huo hakuna mahali ambapo malipo ya mtu yeyote yanategemea jibu la swali moja: je, chumba ni kikavu?

Utaniambia kulikuwa na wakaguzi. Walikuwapo. Baada ya tathmini ya mwaka 2016 iliyofanywa kwa niaba ya serikali, kulitungwa kanuni nzuri, zenye kudai kwamba nyumba itazamwe yote kwa ujumla, hewa na unyevu vikiwamo. Nimezisoma kanuni hizo na sina ugomvi nazo. Lakini ukaguzi wenyewe ulikuwa wa cheti juu ya cheti, picha iliyopigwa na mwenye kazi, ikathibitishwa na anayelipwa na mwenye kazi. Ripoti ya 2025 ilitaja ukosefu wa ujuzi, kazi kupokezanwa kwa watu wasiostahili, mkanganyiko juu ya viwango, na makampuni yaliyokata kona makusudi au kuuchezea mfumo. Ofgem, mdhibiti wa nishati, alikadiria kwamba madai ya udanganyifu yanaweza kuwa kati ya pauni milioni 56 na milioni 165. Mapema mwaka huo kampuni 39 zilikuwa zimesimamishwa. Yote haya yaligunduliwa baada ya kuta kulowa.

Haikuwa lazima yajulikane hivyo. Australia ilikuwa imelipia somo hili zamani kwa damu. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha wa dunia, serikali yake ilitangaza vihami vya bure vya dari, na zaidi ya nyumba milioni 1 zikafikiwa kwa miezi michache. Vijana wanne walikufa kazini, baadhi yao wakipigwa na umeme ndani ya dari, nyumba zikashika moto, mpango ukafungwa Februari 2010, na tume ya kifalme ikaandika yote mwaka 2014. Haraka ya bajeti, mafundi wapya, usimamizi wa mbali: mpangilio ni uleule, na London iliweza kuusoma kwa lugha yake yenyewe.

Wajerumani kwa upande wao wana jambo moja ambalo natamani lingeibwa lilivyo. Anayetaka ruzuku ya kuvisha ukuta lazima apitie kwa mtaalamu wa nishati aliyesajiliwa, asiye na maslahi na mkandarasi, na serikali inasaidia kumlipa. Mtaalamu huyo ndiye anayesema nyumba inahitaji nini, na ndiye anayethibitisha mwishoni kwamba imefanywa. Hata wao waliwahi kufunga dirisha ghafla, Januari 2022, fedha zilipokwisha, na wajenzi walilalamika sana. Hakuna aliye malaika. Lakini kati ya mwenye nyumba na mwenye mwiko wameweka mtu wa tatu mwenye jina, anayeweza kuulizwa.

Novemba 2025 waziri wa fedha Rachel Reeves alitangaza katika bajeti kwamba ECO haitapata mrithi. Bili zitashuka, na hilo nalielewa, tozo ile iliwaelemea wasiojiweza. Sasa fedha zitatoka kwenye kodi, chini ya mpango mwingine wenye mabilioni mengi na jina zuri. Sina sababu ya kudhani nia ni mbaya. Nia haikuwa mbaya mwaka 2013 wala 2020. Ninachokitazama ni kama kutakuwa na muda wa kutosha, miaka kumi angalau bila kukatwa, ili kijana wa Leicester ajifunze kazi hii akijua ataifanya hadi azeeke. Na kama kutakuwa na mkaguzi anayekuja mwenyewe, akapanda ngazi, akatia vidole chini ya upenu, na akarudi baada ya majira ya baridi ya kwanza kunusa chumba. Bila mambo hayo mawili hesabu itakuja ileile, na watu wataikataa hata ile kazi nzuri. Tayari wanaikataa. Mtaani kwetu ukitaja vihami sasa watu wanakuonyesha ukuta wa yule mama.

Naye amekataa mambo mengi. Halmashauri ilipompelekea barua ya msaada wa pampu ya joto aliitupa. Mjukuu wake alimweleza kwamba hicho ni kitu kingine kabisa, akamjibu kwa Kigujarati, kisha akanigeukia mimi akatafsiri: “Nimemwambia, bure moja yatosha.” Nilijua anakosea kuhusu pampu. Sikuwa na uso wa kumbishia.

Serikali imesema kwamba nyumba zote zilizovishwa kuta kwa nje chini ya mipango ile miwili zitakaguliwa, na kasoro zitarekebishwa bila mwenye nyumba kulipa. Naandika hili hasa kwa ajili ya wenzetu, kwa sababu najua jinsi barua hizi zinavyosomwa katika nyumba zetu: Kiingereza cha kiofisi, bahasha ya kahawia, mama au baba anaiweka juu ya friji akisubiri mtoto aje Jumapili. Kuna Waswahili katika nyumba hizi, kuanzia Leicester hadi London. Kama nyumba yako, au ya mzazi wako, ilivishwa kati ya 2022 na 2025, usingoje harufu. Toka nje utazame chini ya upenu, kwenye vizingiti vya madirisha na nyuma ya mabomba. Tafuta vitundu vya hewa kama viko wazi. Kisha ingia ndani usogeze kabati. Ukikuta doa, lipige picha yenye tarehe, tafuta ile karatasi ya dhamana uliyopewa siku ya mwisho, na udai ukaguzi kwa maandishi. Barua iliyo juu ya friji ifungue leo.

Sisi tulidai mwezi Novemba. Mkaguzi amepangiwa kufika Machi. Mpaka hapo mama analala sebuleni, na kabati liko katikati ya chumba.